Mwalimu wa Kwaya na Risasi ya Sauti ya Tatu

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa hawezi kuvumilia puto. Mtoto akishika puto kwenye sherehe ya kuzaliwa, Mwalimu anaanza kusogea taratibu, sahani ya pilau mkononi, akijifanya anatafuta chumvi, mpaka anafika mlangoni. Chakula chake anakimalizia kwenye ngazi za nje, peke yake, hata kama ni baridi ya Desemba. Tarehe nne Julai, mji wote wa Louisville, Kentucky, ukirusha fataki, yeye anaoga. Anaingia bafuni giza likianza, anatoka mji ukinyamaza. Mke wake, Mama Neema, alikuwa anasema, "Siku ya taifa, Marekani yote haina mwanaume msafi kama wangu."

Nimeanza na puto kwa sababu ningeanza na bastola mngemwelewa vibaya.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe wakubwa. Mimi ninamjua kuanzia pale nilipoingia kwaya, chumba cha chini cha kanisa la Wamarekani, mtaa wetu wa Iroquois, ambako tulipewa nafasi ya mazoezi kila Jumamosi mchana. Karibu wote tulikuwa Warundi tuliokulia kambi za wakimbizi Tanzania, na Wakongo kidogo. Nilisimama nyuma ya wasichana warefu ili nisionekane. Aliniona. Wiki ya pili akanitangaza kuwa katibu wa kwaya, mbele ya watu, nikatamani sakafu inimeze. Baba alimuuliza kwa nini mimi, mtoto asiyefungua kinywa. Akajibu, "Ndiyo maana. Wengine wote wataandika maneno yao wenyewe."

Toka siku ile hakuniita tena kwa jina. Nikawa Katibu, na yeye akawa Mwalimu, na hata kichwani mwangu hana jina lingine.

Kwenye mazoezi alifika kabla ya mwenye funguo. Kwingine kote alichelewa: harusi, misiba, kazini. Mahafali ya binti yake Neema aliyafikia watu wanapiga picha, akaingia kwenye picha zote kama vile alikuwepo tangu asubuhi. Alikataza marashi mazoezini, eti yanabana koo, lakini yeye mwenyewe alinukia mafuta ya kusafishia chuma. Na alikuwa mtu wa kuamua haraka kupita kiasi. Ukianza kuimba, kabla hujamaliza mstari ameshapata ufunguo wako kwenye gitaa. Gari lake alilinunua bila hata kulizunguka. Mama Neema naye, Mwalimu alimwona kwenye foleni ya maji kambini asubuhi, na jioni ile ile akaenda kuongea na mama yake.

"Nilikuwa bado sijateka hata maji," Mama Neema alitusimulia. "Narudi na ndoo, nakuta nimeshaposwa."

Sasa mtu wa namna hiyo, kuchagua risasi kulimchukua karibu miaka miwili.

Hadithi ya bastola ilianzia kwenye nyama. Ghalani alikokuwa akifanya kazi kulikuwa na Mmarekani mmoja mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani, dereva wa forklifti ya kunyanyulia mizigo, ambaye kila msimu wa uwindaji alimletea nyama ya kulungu kwenye mfuko wa dukani. Mwalimu alisema tangu aondoke Tanzania hajala nyama yenye ladha ya majani. Akaalikwa porini. Asubuhi ile yule mzee akampa bunduki ndefu aishike.

Alitusimulia yeye mwenyewe mbele ya kwaya nzima, bila aibu yoyote. "Mikono ilikataa. Mimi nasema shika, yenyewe inatetemeka. Nikamrudishia mzee bunduki yake, nikaomba samahani, nikataka nikakae garini." Ndipo yule mzee akatoa kwenye begi kitu kingine: bastola ya kuwindia, mtutu wake mrefu kama mkono wa mtoto, darubini juu yake, na haina mahali pa kuweka risasi ya pili. Unaikunja katikati kama unavunja muhogo, unatia risasi moja, unaifunga. Ukishapiga, mpaka uikunje tena.

"Mikono ikatulia," Mwalimu alisema. "Kitu kama kile sikuwahi kukiona kwa mtu yeyote aliyenifukuza. Wale walikuwa na risasi nyingi. Hii ina moja."

"Moja inaua pia," Mama Neema akadakia kutoka kwenye sauti ya kwanza.

"Ndiyo, mke wangu. Kwa hiyo lazima nifikiri kwanza."

Mama Neema alikuwa na haki ya kuhofia, lakini hofu yake haikuwa ile ya akina mama wengine waliosema tumekimbia bunduki halafu leo mnazinunua. Yeye aliogopa mkono. Kabla ya kazi ya ghalani, Mwalimu alikuwa kiwandani, na mashine ilimvunja kifundo cha mkono wa kulia. Kikapasuliwa, kikatiwa skrubu. Daktari alimwambia mkono huo ukiumia tena, kupiga gitaa asahau. Na gitaa ndilo lililokuwa kwaya yenyewe. Hatukuwa na kinanda wala ngoma, tulikuwa na ule mkono tu. Bastola ya kulungu ikilia inapiga teke, na teke lote linaishia kwenye kifundo.

"Gitaa au bastola," Mama Neema alikuwa anamwambia. "Chagua."

"Nitachagua risasi," Mwalimu alikuwa anajibu. "Ipo itakayoniachia vyote viwili."

Hicho ndicho kilichofanya miaka miwili ile iwe kama sikukuu kwangu. Jamani, niliyapenda mambo yale! Mwaka aliopata uraia alinunua bastola, ikaja na mtutu wa risasi ndogo za kulengea makopo. Kwa kulungu ilihitajika mtutu mwingine, kwa sababu bastola zile unabadilisha mtutu, kitako kinabaki kile kile. Yule mzee wa forklifti akamweleza kwamba risasi nyingi za dukani zilitengenezwa kwa bunduki ndefu. Ukizipiga kwenye mtutu mfupi, baruti inamalizia kuungulia nje, inakuwa moto na kelele za bure. Ndiyo maana wenye bastola za risasi moja wanajitengenezea zao. Wanachukua ganda la risasi la kiwandani wanalibana shingo, au wanalifupisha mwili na kulisukuma bega, pale linapoanza kuwa jembamba, lirudi nyuma, mpaka linakuwa risasi ambayo hakuna duka linaiuza. Wamarekani wanaziita paka-mwitu.

"Paka?" aliuliza Papa, mwimbaji wetu wa besi, Mkongo wa Bukavu asiyeacha Kifaransa chake, na mkubwa kuliko wote kwa umri. "Donc Mwalimu ataenda kuwinda na paka?"

Kwaya ikaanguka kicheko. Mwalimu hakucheka. Alishika chaki, akafuta maneno ya wimbo wa Pasaka tuliokuwa tunajifunza, akachora risasi nne ubaoni, pale pale anapochoraga sauti nne. Nyembamba ya kwanza akaiita Soprano: ganda la bunduki ya zamani wanayoiita thelathini-thelathini, limebanwa shingo libebe risasi nyembamba, inayoruka mbali na kwa kasi. Ya pili, Alto, shingo nene kidogo. Ya tatu, Tena: ganda lile lile la thelathini-thelathini, ila limefupishwa mwili, bega limerudishwa nyuma. Ya nne, Besi: nene, imenyooka kama kipande cha bomba, haina bega wala shingo.

"Mtutu unachongwa kwa aina moja ya risasi tu," alisema. "Fundi akishachimba chemba, pale ganda linapokaa, chuma hakirudi. Kwa hiyo ni kama ndoa."

"Ndoa uliamua kwenye foleni ya maji!" Mama Neema akapaza sauti, na mazoezi yakaishia hapo.

Mimi nilirudi nyumbani nikazichora zote nne kwenye karatasi ya hesabu. Sijui hata kwa nini. Mimi simpigi hata mbu kwa furaha. Lakini kulikuwa na kitu kwenye yale mabega na zile shingo, kwamba kipande kidogo ukikisukuma nyuma kidogo tu, tabia yote inabadilika. Shuleni nilikuwa sisemi kitu, ila Jumamosi nilikuwa nabishana na watu wazima kuhusu baruti! Kichwani tu, lakini nabishana.

Kuhusu simu lazima niandike. Nje kidogo ya Columbus, Ohio, kulikuwa na fundi wa mitutu ambaye yule mzee wa forklifti alimsifu sana. Mwalimu aliongea Kiingereza kizuri uso kwa uso, lakini simu ilimtoa jasho. Hakuona sura, alisema, sasa angejuaje kama anaeleweka? Akanipa mimi simu. Mimi, ambaye pitsa tu naomba kaka yangu aiagize! Fundi akapokea, nikasoma maswali yangu kwa haraka kama mtu anayesoma hukumu yake: bega, shingo, urefu wa mtutu, teke. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, huyo mwalimu wako anataka risasi hiyo ifanye nini?

Nikamgeukia Mwalimu, nikamtafsiria.

"Mwambie nataka mnyama asiteseke, na Jumapili yake nipige gitaa."

Nikasema hivyo hivyo. Upande wa pili kikaja kicheko kizuri cha mtu mzima. "Mlete kwangu," fundi akasema. Nilipokata simu nilikuta nimesimama juu ya kochi. Sikumbuki nilipanda saa ngapi.

Ila kabla ya kwenda, Mwalimu alitaka kikao. Hili ndilo jambo la watu wetu, na kwake lilizidi. Kambini kila kitu kiliamuliwa kwa kikao: nani achimbe choo, nani aimbe Krismasi, mbuzi wa nani kala mchicha wa nani. Yeye angeweza kuamua gari peke yake kwa kufumba macho, lakini jambo likigusa kwaya, na mkono wake aliuhesabu kuwa mali ya kwaya, lilipaswa kukaliwa. Basi tukakaa sebuleni kwake, Iroquois, viti vya kuazima mpaka jikoni. Sala ya kufungua. Ajenda: kufungua, risasi, mengineyo. Mama Neema akagoma kutoa chai mpaka uamuzi upatikane.

Papa akaongea wa kwanza. "Bon. Mie naona hivi. Nyama iko kubwa, masasi nayo ikuwe kubwa. Besi njo muzuri. Na mimi niko besi, nayijua."

Kwetu, mwenye mvi akitangulia kusema, wanaofuata wanaongeza chumvi tu. Kila aliyesimama alianza na "Kama alivyosema Papa." Soprano hakupata mtetezi hata kwenye soprano wenyewe. Kikao kikapitisha Besi, mikono yote juu, hata wa Mama Neema aliyekuwa akiipinga bastola yenyewe! Nilimwona Mwalimu anavyotabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa zawadi ya shati lisilomtosha. Lakini uamuzi wa kikao ni uamuzi wa kikao.

Tukaenda Columbus. Kila mwaka kwaya yetu ilialikwa na kanisa la Warundi wa kule, kwa hiyo tulitangulia Jumamosi, na wachache wetu tukapita kwa yule fundi: Mwalimu, Mama Neema, Papa na mimi. Fundi alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na nyuma ya karakana shamba refu lenye kilima cha udongo cha kupokea risasi. Aliposikia ni Besi, akafurahi kwa sababu moja. Ohio, alisema, sheria ya kulungu inataka ganda la bastola liwe limenyooka, kama hilo. Kentucky kwenu mko huru zaidi. Mkichagua Besi, msimu ujao Mwalimu aje awinde hapa hapa kwangu. Nikatafsiri. Papa akanitazama kama kusema, umesikia?

Fundi akamwazima Mwalimu bastola yake yenye mtutu wa Besi. Mwalimu akatia vizibo masikioni, juu yake vikinga-kelele vikubwa, na juu ya vyote kofia yake ya sufu. Akaomba. Akalenga. Ile bastola ilipolia iliruka ikatazama mawingu, na Mwalimu akasema neno la Kirundi ambalo sitaliandika hapa. Kisha akacheka. Kisha akaacha kucheka, akashika kifundo.

Hakuweza kupiga tena. Lakini fundi hakutaka twende hivyo hivyo. Akampa kiti, akamfungia barafu kwenye taulo, akasema, basi sikilizeni tu. Akachukua bastola nyingine, akapiga Soprano: moto mrefu mdomoni mwa mtutu, na mlio mkali kama mlango wa bati uliobamizwa. Mwalimu akaruka kutoka kitini, akarudi nyuma mpaka akagonga kiti. Fundi akabadilisha mtutu, akapiga Tena. Akanionyesha ganda lake kiganjani, bado la moto, fupi, bega lake limerudi nyuma, na akanieleza kwamba baruti yake ni ndogo, inamaliza kuungua ndani ya mtutu. Moto kidogo, mlio mfupi, teke dogo. Kasoro yake ni kwamba ni ya karibu. Mnyama akiwa mbali zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, unamwacha aende.

Kesho yake kwaya iliimba Columbus bila gitaa. Mwalimu aliongoza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye kitambaa. Tulianza juu mno, tukamaliza chini mno, na wenyeji wakapiga makofi ya huruma. Hayo makofi sitayasahau.

Kurudi, Mama Neema alikaa kiti cha mbele, macho barabarani, mpaka Cincinnati. Daraja la kuingia Kentucky lilipoonekana akasema, bila kugeuza kichwa, "Gitaa au bastola. Nijibu kabla hatujavuka."

Gari likapanda darajani. Mto chini ukapita wote. Tukafika ng'ambo.

"Kikao," Mwalimu akasema. "Lazima kikao kikae tena."

Mama Neema aliweka paji la uso kwenye dashibodi, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi nyuma nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hawezi hata kupumua.

Kikao cha pili kilikuwa na watu wengi kuliko cha kwanza, maana habari ya mkono ilienea. Safari hii Mama Neema alitoa hoja rasmi: bastola iuzwe. Papa akashikilia Besi. "Mukono itapona, donc. Mwanaume anazoea." Watu wakaanza tena, kama alivyosema Papa, kama alivyosema Papa. Mwalimu alikaa amefungwa kifundo, haruhusiwi kujitetea kwa sababu yeye ndiye ajenda. Nilikuwa naandika, na nikaona kabisa jinsi itakavyoisha: ama mkono uende, ama bastola iende.

Mwenyekiti akauliza, "Mengineyo?"

Nikanyoosha mkono. Baba alidhani naomba kwenda chooni, akaninong'oneza niende tu.

Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo, nikaanza upya. Nikasema, "Mimi kule Columbus sikuangalia shabaha. Niliangalia miguu ya Mwalimu."

"Miguu?" Papa akasema.

"Ndiyo, Papa. Soprano ilipolia alirudi nyuma mpaka akagonga kiti. Besi sote tuliiona. Lakini Tena ilipolia hakusogea. Alikaa pale pale. Hata macho hakufumba. Nyote mnamjua na puto."

Nikaongeza, kwa haraka kabla ujasiri haujaisha, ile habari ya baruti kuisha ndani ya mtutu, na teke dogo, na kwamba Tena haifai Ohio, itafaa Kentucky tu, na ya karibu tu. Kisha nikakaa.

Wote wakamtazama Papa. Akakuna kidevu. "Bon," akasema. "Miguu ikishaitika, mukono njo nani wa kukataa?"

Nyumba ikalipuka! Risasi ya Tena ikapita, na hoja ya Mama Neema ikaahirishwa, na mwenyewe akaenda kuchemsha chai akinung'unika kwamba risasi iliyopita kwa miguu ya mtu hajawahi kuiona. Alipofika kwangu na sinia alinipa maandazi mawili. Mwalimu aliinua tu ule mkono uliofungwa, kidogo, kama anavyotuinulia tunapotakiwa kuvuta pumzi.

Lakini yote yalikuwa bado maneno. Ile Tena, Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuipiga. Mkono ulipopona, fundi alikuwa ameshachimba chemba, na chuma hakirudi. Na mtutu ulipofika, Mwalimu alikuwa amehama! Dada yake Mama Neema alikuwa Buffalo, jimbo la New York, kazi zilikuwepo, wakaondoka. Bastola aliiacha kwa yule mzee wa forklifti, aliyeupokea na mtutu, kwa sababu New York bastola ni mpaka kibali, na kibali kinachukua muda wake. Kwaya yetu ilipata mwalimu mwingine, mpole, anayefika kwa wakati kila mahali. Hatukumzoea.

Novemba tukasikia Mwalimu ameendesha gari usiku kucha mpaka Kentucky kuwinda, akarudi Buffalo moja kwa moja kuwahi zamu, bila kupita Iroquois. Nilimpigia, mimi mwenyewe, simu! Akasema, "Mambo haya si ya kwenye simu, Katibu," akakata. Na mwezi wa kwanza zikaja habari nyingine: Mwalimu ana plasta ya mfupa uliovunjika. Mkono wa kulia.

Papa alitangaza kanisani mlangoni, "Miliwaambia!" Watu walinitazama. Hakuna aliyesema neno baya, lakini ni mimi niliyesimama kwenye mengineyo. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikilala naona ile bastola inaruka kutazama mawingu.

Februari, Baba alikuwa na harusi ya binamu yake Buffalo, nikaenda naye. Baada ya harusi nikamwomba anipeleke kwa Mwalimu, mtaa wa Kensington-Bailey, nyumba ya ghorofa moja, theluji imefika madirishani. Mlango ulifunguliwa na mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na plasta mpaka karibu na kiwiko, na watoto wameshaichora maua.

Sikumsalimia hata. "Ni Tena?" nikauliza.

Alinitazama kama hajaelewa. Kisha akaelewa, akacheka mpaka akashika mlango. "Tena? Tena hakunigusa! Mama Neema, njoo umsikie Katibu, anadhani ni Tena!"

"Mwambie ukweli," Mama Neema akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwambie ulivaa nini."

Alivaa kandambili. Kandambili na soksi, kwenda kutoa taka asubuhi, ngazi zote barafu. Pipa lilifika barabarani kabla yake.

"Miaka miwili anakwepa teke la bastola," Mama Neema akasema, akifuta mikono, "halafu anapigwa teke na pipa la taka."

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, koti bado mwilini, theluji inayeyuka kwenye zulia lao. Akanikalisha, akasimulia, akisimama katikati ya wageni wake, kwa maana nyumba ilikuwa imejaa watu wa kanisa lao jipya. Jinsi alivyokaa chini ya mti tangu alfajiri, na kulungu dume mmoja akapita mbali, akamwacha aende. Jinsi wa pili alivyokuja karibu, akasimama, akageuza ubavu. "Nikapiga. Mkono ukaniuliza, umeshapiga? Hivyo tu! Kama mtu aliyeguswa begani kanisani asogee. Na mnyama alikwenda hatua chache akalala. Nilimkimbilia kwa furaha nikaanguka mara ngapi sijui, na mkono haukuvunjika!" Alimaliza amesimama juu ya kiti kidogo cha mtoto, na Neema akamwambia kwa Kiingereza ashuke kabla hajavunja na wa kushoto.

Tulikula nyama ya kulungu huyo, iliyobaki kwenye friza, na ugali. Ilikuwa na ladha ya majani kweli.

Niliuliza kuhusu mkono. Plasta itatoka mwezi ujao, alisema, halafu daktari ataangalia zile skrubu. Mama Neema alikuwa anakusanya sahani, na pale hakutania. Alitazama tu maua ya watoto kwenye plasta, akaenda jikoni.

Wageni wakataka wimbo. Waliomba kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakaona haya. Mwalimu hakuona haya. Alilishusha gitaa ukutani kwa mkono mmoja, akakaa kwenye kochi, akagonga nafasi iliyo kulia kwake.

"Kaa hapa. Mimi nabana nyuzi, wewe unapiga."

"Mimi sijui gitaa, Mwalimu."

"Nani amekuambia ujue? Ujue hesabu. Moja, mbili, tatu."

Chumba kizima cha watu nisiowajua kilikuwa kinanitazama. Nilikaa. Gitaa lililala kwenye mapaja yetu wawili, shingo yake upande wake, tumbo lake upande wangu, na plasta yake nzito ikaegemea goti langu. Vidole vyake vya kushoto vikabana. Nikapiga. Ilitoka mbaya, nyuzi mbili zikalia na moja ikakohoa. Akatikisa kichwa, akacheka, akabana tena. Nikapiga tena. Safari hii ikashika, na watu wa Buffalo wakaanza kuimba bila kutungoja, juu kuliko tulivyopanga na kwa kasi, ikabidi mimi na Mwalimu tuwakimbilie.